Maji Yapo, Oga Mwanangu

Simu ya msiba huwezi kuijua kwa mlio, maana zote hulia sawasawa. Unaijua kwa ile pumzi anayoivuta mpigaji baada ya salamu. Wiki iliyopita, asubuhi, nilikuwa uani kwangu Lisekese, hapa Masasi, napangusa vumbi la pikipiki, nikapigiwa kutoka Newala. "Shikamoo baba," ilisema sauti ya binti mkubwa wa mama ninayemwandika leo. "Marahaba mwanangu, hamjambo huko?" Akavuta pumzi. "Hatujambo, ila mama katutoka alfajiri. Tunazika baada ya sala ya alasiri." Nikasema yale tunayosema sote, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Kisha nikabaki nimeshika kitambaa chekundu kwa vumbi, macho yangu kwenye ndoo niliyokuwa nimeijaza pomoni kwa ajili ya kuoshea tairi. Niliona haya mbele ya ndoo ile. Sikuosha tena pikipiki. Niliipanda hivyohivyo na vumbi lake, nikashika njia ya Newala.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii haipendi kuzika watu. Marehemu wa magazetini wote ni wamoja: walikuwa wacheshi, hawakuwa na makuu, waliishi vizuri na majirani. Huyu mama hakuwa mcheshi sana, majirani aligombana nao, na makuu alikuwa nayo. Makuu yake yalikuwa ya jambo moja tu, nalo ni mgeni. Mgeni akiingia kwake asione upungufu, basi. Jina lake silitaji, kama ilivyo kawaida ya safu hii. Pale kijijini aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, nami nilimwita Mama, naye aliniita mwanangu ingawa mvi zangu na zake zilikuwa zinakimbizana. Alikuwa mjane, mkulima wa korosho na muhogo, na mfinyanzi wa vyungu. Miaka ya mwisho ya nguvu zake alikuwa mwenyekiti wa kinamama waliopokea watalii majumbani mwao. Hapo ndipo nilipomjua, na hapo ndipo palipo na majuto yangu ya leo.

Kijiji chake kiko nje kidogo ya mji wa Newala, pale ardhi inapokatika ghafla na kuporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Ukisimama nyuma ya mikorosho yake ya mwisho unauona mto chini kabisa, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Wageni wanapapenda mahali hapo. Wakaja watu wa shirika moja na wazo lao: watalii wasilale nyumba za kulala wageni mjini, walale kwa wenyeji, wale ugali wa muhogo kwa kisamvu, wachome korosho, wafundishwe kufinyanga, na fedha ibaki kijijini badala ya kupita juu kwa juu. Lilikuwa wazo zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa zuri, na asije mtu akaisoma safu hii akadhani nimekaa kitako kuwasema watalii.

Katika kikao cha kwanza, ambacho nilihudhuria kama mwandishi, yule bwana wa shirika alituhadithia habari za Wakechua, watu wa asili wa milima mirefu ya Amerika ya Kusini, ambao vijiji vyao hupokea wageni kwa mtindo huohuo. Alitoa picha. Mama wa Kikechua kavaa kofia yake, na pembeni yake mgeni wa kizungu kapiga magoti shambani anachimba viazi. Picha ikazunguka mkono kwa mkono. Ilipomfikia Mama, aliishika muda mrefu. "Huyu mgeni kakosa nini?" aliuliza. Bwana akasema hajakosa kitu, ndio utaratibu wao, mgeni hufanya kazi na wenyeji. "Siku ileile aliyofika?" "Ndiyo, mama, hata siku ileile." Akairudisha picha kwa ncha za vidole. "Basi huko kwao hakuna wa kuwafundisha adabu." Kikao kizima kiliangua kicheko, mimi nikiwa mmojawapo, na kinamama wakamchagua palepale kuwa mwenyekiti. Siku hizi nikiikumbuka picha ile sicheki.

Mara ya kwanza kulala kwake nilikuwa nimefuatana na wageni wawili, mtu na mkewe, ambao nilitaka kuandika habari zao. Tulifika mchana tumejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Hatujakaa sawasawa, binti yake kaleta ndoo iliyojaa, tena maji ya uvuguvugu, kaiweka kwenye bafu la mabua nyuma ya nyumba. Akaoga yule bwana. Ikaja ndoo nyingine, akaoga mkewe, akaosha na nywele zake ndefu. Ikaja ya tatu. "Mama," nikamwambia, "mimi nitanawa uso tu." Alinitazama kama niliyekataa chakula. "Maji yapo, oga mwanangu." Nikaoga, na nakiri yalikuwa maji matamu. Asubuhi yake nilitoka kunyoosha miguu ukingoni mwa bonde, nikamwona binti yuleyule anapanda mteremko na ndoo kichwani, nyuma yake jirani yao na ndoo yake, nyuma ya jirani kinamama wengine kwa mstari, shingo zimekaza, hakuna anayezungumza. Nilipowasalimia waliitika kwa macho, maana njia ile haimwachii mtu pumzi ya kusema marahaba.

Sisi tunaoishi huku hatuhitaji kuelezwa habari ya maji ya Newala, lakini safu hii inasomwa hata na watu wa mbali, basi niseme kidogo. Bomba lipo, na siku likitoa maji watu hupigiana simu. Mwenye bati na kisima cha kuvunia maji ya mvua ni tajiri, hata kama hana kitu kingine. Kiangazi kikikolea na visima hivyo vikakauka, kuna njia mbili: ununue dumu kwa wale wanaoyaleta kwa baiskeli, au ushuke bondeni kwenye chemchemi, uteke, upande. Na kiangazi ndicho kipindi cha watalii, kwa sababu masika magari hukwama. Kwa hiyo wageni wa Mama walikuja hasa wakati ule ambao kila kata ya maji ilikuwa na jasho la mtu ndani yake. Wao hawakujua. Wangejuaje? Kila walipogeuka walikuta ndoo imejaa.

Hili halikuwa jambo la Mama peke yake. Watu wa uwandani huku wana desturi ambayo nimeikuta kwa Waislamu na kwa Wakristo, kwa Wamakonde na kwa Wayao. Mgeni akija, hata kama maji yaliyomo ndani ni ya kupikia tu, unampa ya kunawa kwanza, na huthubutu kumwambia ni machache. Kumwambia ni sawa na kumwonyesha mlango. Wenyeji kwa wenyeji desturi hiyo haina madhara, maana mgeni naye anazijua shida za mwenzake: hunawa ncha za vidole, hushukuru, na hurudisha kata ikiwa na maji. Mchezo huchezwa na wawili. Kosa letu lilikuwa kuucheza na mtu ambaye hakufundishwa sehemu yake. Mgeni wa mbali akiambiwa maji yapo, huamini kwamba maji yapo.

Sasa nije kwenye ile siku. Shirika lilipata wafadhili wa kujenga tangi kubwa la kuvunia maji ya mvua katika kijiji kimojawapo kati ya vile vilivyopokea wageni. Kimoja tu. Wakaguzi wangepita kote, walale, watazame, kisha waamue. Nilikwenda mapema kumwona Mama, nikamkuta anasimamia kazi. Kinamama walikuwa wanashuka na kupanda tangu juzi yake. Mapipa yamejaa, mitungi imejaa, hata sufuria la shughuli lilikuwa limejaa na kufunikwa ungo. Nikamvuta kando. "Mama, watu hawa wanakuja kuitazama shida ya maji. Waache waione."

"Wanakuja kwangu au wanakuja kwenye shida?" akaniuliza.

"Wanakuja kwako, lakini..."

"Basi ni wageni." Akanigeukia vizuri. "Mwanangu, ntu katoka kwao, kapanda ndege, kala vumbi la njia yote hii, anafika kwangu namwonyesha pipa kavu? Kesho akisema yule mama nilimkuta hana hata maji ya kunawa, uso wangu nitauficha wapi?"

Wakaja. Walikuwa watu wema, na nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kuandika kwamba walikuwa wapumbavu. Wakaoga wote. Mmoja wao, mzee mwenye viatu vizito, aliomba maji ya kuvisuuza udongo mwekundu, na Mama mwenyewe akammiminia, tena kwa furaha, huku kinamama wengine wamejipanga ukutani wakiyatazama maji yanavyokwenda zake chini ya mgomba. Jirani yake, yule niliyemwona akipanda mteremko nyuma ya binti, alifumba macho. Kisha wakaketi, na mkuu wa msafara akauliza kwa Kiswahili chake kizuri, "Je, mama, mna shida ya maji hapa?" Nilimwomba Mungu Mama aseme kweli. "Shida ndogondogo hazikosekani katika nyumba," alijibu. "Karibuni chakula kisipoe."

Nilimfuata yule mkuu wa msafara kwenye gari. Nikamwambia maji yale yote yametoka bondeni, kichwani mwa wanawake wale, na kesho hakuna. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akayaelekezea mapipa kidole. "Ndugu mwandishi, nimepita vijiji vingi vya nyanda hizi. Hapa wamejaliwa. Kule tulikotoka walitupa maji kwenye kikombe." Tangi lilijengwa huko kwenye kikombe. Siwaonei wivu watu wa kijiji kile, walikuwa wanalihitaji. Lakini nikipita pale na kuona mabinti wanavyofungua koki huku wanapiga soga, moyo huniuma kwa ajili ya wale wengine.

Habari zilipofika, kinamama waliitana. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na zaidi ya mmoja na masimulizi hayapishani. Jirani yake ndiye aliyesimama. Walikuwa wamechezwa unyago pamoja hao, wameolewa mwaka mmoja, wamefiwa na waume kwa kufuatana. "Dada, umetumaliza," alimwambia. "Maji tumebeba sisi, sifa umechukua wewe, tangi wamechukua waliosema kweli." Mama akajibu, "Mlitaka niseme nini? Kwamba tumewaalika watu kwenye nyumba kavu?" Jirani akasema, "Ndiyo. Hivyohivyo. Hiyo ndiyo nyumba yetu." Hakuna aliyemtukana mwenzake, na hakuna aliyeomba radhi. Tangu siku ile wakawa wanasalimiana tu.

Baada ya hapo kikundi hakikuvunjika kwa kishindo, kilipukutika. Huyu akasema mgongo unamsumbua, yule akasema chumba cha wageni kimepata mpangaji, mwingine akasema mkwewe anakuja kukaa. Hata katika kukataa waliona haya kuutaja mteremko. Shirika likaona nyumba zimepungua, likaandika kwamba wenyeji wamepoteza hamasa, likahamishia wageni kwingine. Nililisoma neno hilo, hamasa, nikaitupa karatasi mezani. Wanawake wale walipanda na kushuka bonde zima kwa ajili ya watu wasiowajua, halafu wanaambiwa hawana hamasa. Lakini hasira yangu ikishapoa najiuliza: aliyeandika angeijulia wapi sababu, ikiwa hata siku ya kuacha hatukumwambia?

Tunapenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika utalii huu wa vijijini tumeigeuza: mgeni apone, mwenyeji akae kimya. Nimezunguka Masasi na Newala nikiona jinsi tunavyopokea wageni wa kila namna, watalii, wafadhili, wakubwa wa serikali. Tunafagia, tunapaka chokaa mawe ya njiani, tunaazima viti msikitini na kanisani, shule inaazima madawati ya shule jirani ili mgeni akute watoto wote wameketi. Mgeni anaondoka ameridhika, madawati yanarudi kwa wenyewe, watoto wanarudi sakafuni, na sisi tunashangaa kwa nini haleti madawati. Huo si uongo wa watu wabaya. Ni uongo wa watu wenye heshima, na kwa sababu hiyo ni mgumu kuutibu. Mwongo unaweza kumkemea. Mama aliyekuandalia maji ya uvuguvugu utaanzia wapi kumkemea?

Nilimwona mara ya mwisho miezi michache iliyopita. Alikuwa amelala barazani kwenye mkeka, miguu imevimba, lakini sauti yake ilikuwa bado ya mwenyekiti. Tulizungumza habari za korosho, za mbaazi, za watoto. Ghafla akaniuliza, "Wale watu wa kwenye picha, wale wa milimani, bado wanapokea wageni?" Nikamwambia nasikia bado wanapokea. Akakuna mkono wake. "Labda yule mgeni hakuwa amekosa kitu," alisema. "Labda mwenye nyumba alikuwa amemwona ni ntu wake." Nilitaka aendelee. Nilitaka aseme habari ya tangi, au ya jirani yake, ambaye moshi wa jiko lake tulikuwa tunauona pale tulipokaa. Badala yake akamwita binti yake, "Mpelekee baba yako maji ya kuoga, vumbi limemla."

"Mama, leo sitaoga," nikasema.

"Kwa nini? Bafu langu linanuka?"

Alikuwa mgonjwa, nami sikuwa na moyo wa kugombana naye. Nikaingia bafuni, nikajimwagia kata mbili tatu, nikaiacha ndoo na zaidi ya nusu ya maji. Nilipotoka alikuwa ameinua shingo, anaitazama ndoo inavyopita. "Mbona imerudi na maji?" "Yamenitosha, Mama." Akageuzia uso ukutani. Mpaka naaga hakunitazama vizuri, na mkono alinipa wa baridi. Hivyo ndivyo tulivyoachana. Ningepewa siku moja zaidi, ningeitumia kukaa pale mkekani mpaka anisikie nikimwambia kwamba ndoo ile nusu ndiyo heshima yangu kwake. Sikupewa.

Tulimzika alasiri, nyuma ya mikorosho, mahali ambapo bonde lote linaonekana. Watu walikuwa wengi, hata wale waliojitoa kikundini walikuwepo wote. Tuliporudi uani nilikuwa mwekundu kwa udongo wa kaburi juu ya ule wa njia. Binti yake akanijia na kata mkononi. Kata, si ndoo. Alisimama mbele yangu ameinamisha kichwa, na niliona anapigana na jambo. "Baba, unisamehe," akasema. "Maji ni haya ya kunawa mikono. Ya kuoga hamna. Yaliyokuwemo yote tumemwoshea mama, na ya majirani pia." Katika miaka yote ya kuingia nyumba ile, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa maji hamna. Nikanyoosha mikono, akanimiminia.

Jirani yake, yule wa mteremko, alikuwa ameketi kizingitini, kanga yake imelowa hadi magotini. Yeye ndiye aliyemwosha, na alfajiri ileile, kabla sijapigiwa simu, alikuwa ameshashuka bondeni na kupanda. Alikuwa anaitazama mikono yangu. "Maisha yake yote alijifuta kwa kitambaa, ndoo wakaoga wengine," alisema, si kwangu wala kwa binti, kama anayezungumza na mwenzake ndani. "Leo ndiyo kaoga kama mgeni." Kisha akajifunika uso kwa ile kanga mbichi.

Wahenga walituambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi tumeuchukua msemo huo kuwa mzaha wa kumfukuzia mgeni mvivu. Mimi nimerudi Lisekese nikiusoma vingine. Jembe ni njia ya kumwingiza mtu ndani, kumwambia hii ndiyo nyumba yetu, na hiki ndicho kinachopungua. Mama alikuwa na moyo wa kupokea dunia nzima, lakini hakumpa mtu jembe, na dunia nzima ikapita kwake ikaoga ikaenda. Enyi mnaofungua milango yenu kwa watalii, na enyi mnaowasubiri wakubwa na wafadhili: pokeeni kwa moyo ule wa Mama, lakini siku ya kwanza mfunulieni mgeni wenu mtungi aone maji yalipofika. Akiwa mtu, atajua kiasi cha kuchota. Msisubiri mpaka binti yenu aje kuyasema hayo akiwa anatoka kuwazika.